Baiskeli Sita kwenye Gari la Kukodi

Nachingwea, Jumapili, 18 Januari 1953

Baiskeli zimefika kwa treni ya mchana. Sita, nyeusi, zimezungushiwa karatasi zenye grisi. Zilipangwa behewa moja na mabati ya mtu, na moja imepinda kidogo karia yake ya nyuma. Nimezihesabu mara tatu, kana kwamba zingeweza kupungua nikiwa nazitazama.

Daftari la kazi nimeletewa kutoka Lindi. Lina nafasi ya tarehe, kijiji, waliochanjwa na waliokataa. Hili jingine nimelinunua mwenyewe dukani, kwa sababu tangu habari za ndui zilipoanza kichwa changu hakitulii, na mke wangu Hajira amechoka kunisikiliza. Amesema, "Baba Ashura, yaandike huko. Mimi nina mtama wa kutwanga."

Nikilipoteza, atakayeliokota alirudishe kwa Isihaka Kaimu, dresa wa kufunga vidonda na kuchanja, zahanati ya karibu na stesheni. Namwomba asilisome.

Jumanne, 20 Januari

Leo baraza. Karani wa baraza, Ausi, amesimama tena kusema kosa limefanyika. Baraza lilikuwa na fungu moja tu kwa kazi ya chanjo. Yeye alitaka linunue lori moja kuukuu kati ya yale yaliyoachwa na mradi wa karanga wa Waingereza. Mimi ndiye niliyeandika barua kwamba tununue baiskeli sita, na siku za safari tukodi gari. Lori haliingii kwenye vijia vya mashambani, baiskeli inaingia. Lakini ukiendesha baiskeli kutoka hapa hadi Ruangwa kwenye matope ya masika, utafika huna mkono wa kushika sindano. Basi gari lipakie baiskeli na watu, lipite barabara kubwa, liwashushe wawili wawili, mchanjaji na mtu wa kumwonyesha njia, kwenye njia panda. Wao waendeshe hadi vijijini, na alasiri gari liwapitie.

Liwali, mkuu wa baraza, alinikubalia mwezi uliopita na leo hakubadili. Lakini Ausi alisema mbele ya watu wote, "Gari la kukodi lina mabwana wengi, Bwana Isihaka. Siku utakapolitaka sana ndiyo siku litakuwa kwa mwingine."

Nimerudi nyumbani nikitafuta jibu njia nzima.

Alhamisi, 22 Januari

Gari lenyewe ni pikapu ya Awadhi. Nimeenda kuitazama. Mlango mmoja unafungwa kwa kamba ya katani. Awadhi ni mtu mzima, mrefu, uso wake umejaa mashimo ya ndui aliyougua utotoni. Anazungumza polepole, na jambo la saa huwezi kumbana.

"Jumatatu utafika saa ngapi, Mzee Awadhi?"

"Asubuhi, inshallah."

"Asubuhi ipi? Saa kumi na mbili? Saa moja?"

"Asubuhi, Bwana Dresa. Gari likikubali."

Simpendi. Nasema kweli hapa kwa kuwa ni daftari langu. Nimeiweka kazi yote mikononi mwa mtu asiyejua saa.

Jumamosi, 24 Januari

Mwamina amejifunza baiskeli leo. Yeye ni mjane, anafua bandeji na mashuka pale zahanati, na tangu Desemba nimemfundisha kuchanja, kwa sababu wanawake wengi wa vijijini hawataki kumfunulia mkono mwanamume wasiyemjua. Mkono wake ni mwepesi kuliko wangu.

Tulikwenda kwenye uwanda mmoja wa mradi wa karanga, mahali walipong'oa miti yote na sasa majani yanarudi. Teofili, mchanjaji wetu wa tatu, kijana Mmakua kutoka Masasi, alimshikia kiti kwa nyuma. Mwamina alianguka mara nne. Wanawake waliokuwa wakichuma mboga walisimama kumcheka, mmoja akamwita kwa Kimwera neno ambalo sitaliandika. Mwamina aliinuka, akakaza kanga yake kiunoni, akapanda tena. Mara ya tano alikwenda mbali sana, tukabaki kumtazama, kwa kuwa hatukuwa tumemfundisha kusimama.

Jumatatu, 26 Januari

Safari ya kwanza. Awadhi alifika saa mbili kasorobo. Nilikuwa nimekwisha toka kumchungulia barabarani mara kumi.

Nikiri kwamba kupakia anajua. Mimi ningezirundika baiskeli kama kuni. Yeye alilegeza usukani wa kila moja akaulaza, akazisimamisha moja imetazama mbele, ya pili imetazama nyuma, akatia gunia la majani makavu kila mahali pedali ilipotaka kugusa spoku za jirani yake. Kisha kamba moja ndefu, akiivuta kwa goti. "Chuma kikicheza kinakula chuma," alisema. Sisi tulikaa juu ya turubai, miguu yetu katikati ya magurudumu.

Vijiji viwili. Watu 143. Waliokataa 9. Saa kumi alasiri gari lilikuwa njia panda likitungoja, na Awadhi amelala chini yake.

Jumanne, 27 Januari

Mvua kutwa.

Ijumaa, 30 Januari

Vijiji vitatu. Pancha mbili. Mwamina aligongana na mbuzi, wote wazima.

Jumatatu, 2 Februari

Dawa mpya ya chanjo imekuja kwa treni katika chupa yenye barafu. Nimeiweka kwenye friji la mafuta ya taa la hospitali. Ikitoka pale inakaa kwenye chupa ya chai yenye barafu siku moja, labda na nusu. Ikishika joto inakufa, na ukimchanja mtu kwa dawa iliyokufa umemkwaruza tu. Nimewaambia wenzangu hayo mara nyingi mpaka Teofili ananiigiza.

Alhamisi tunakwenda Nakitandu, kijiji cha mbali kuliko vyote, ng'ambo ya mto wa tatu. Jumbe Saburi wa huko amepelekewa habari awakusanye watu.

Alhamisi, 5 Februari

Saa moja. Nimetoa dawa kwenye friji, nimetia barafu kwenye chupa.

Saa tatu. Awadhi hajafika.

Saa sita. Hajafika. Nimemtuma Teofili nyumbani kwake kwa baiskeli. Mkewe amesema alitoka jana jioni na gari, hajui arudi lini. Nilitaka kuirudisha dawa hospitali, lakini nikasema atafika sasa hivi, na nikiipeleka tutapishana.

Saa tisa. Nimesema tena hivyo hivyo.

Saa kumi na moja. Nimekwenda hospitali. Mwenye ufunguo wa chumba cha friji amekwenda mazikoni.

Ijumaa, 6 Februari

Hajaja. Barafu imekuwa maji. Chumba cha friji kilifunguliwa baada ya sala ya Ijumaa, nikaiweka dawa ndani, lakini nilipoigusa chupa ilikuwa na joto la mkono wangu.

Ausi alipita mbele ya zahanati. Alizitazama baiskeli sita zilizoegemea ukuta, akaendelea na safari yake.

Jumamosi, 7 Februari

Naandika yote.

Awadhi alikuja saa nne asubuhi, gari limejaa matope hadi kwenye kioo. Nilimfokea mbele ya watu. Nilimwita mwongo. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Mtu alikuja kwangu Jumatano jioni analia. Mama yake amefia hapa hospitali, anataka kumzika kwao Naipingo. Ningemwambia nini? Kwamba nina baiskeli za kubeba asubuhi? Wakati wa kurudi gari likazama. Nimelichimba siku nzima na usiku. Sasa nimekuja. Pakieni."

Nilipaswa kumwambia hapana, tungoje dawa nyingine. Nalijua hilo kama ninavyojua jina langu. Lakini niliwafikiria watu wa Nakitandu waliokusanyika tangu Alhamisi na kuacha palizi yao. Nilimfikiria Ausi. Nilifikiri kwamba labda haijafa yote, labda nusu yake ni nzima. Nikasema, "Pakieni." Dawa nikaichukua kwenye friji bila barafu, kwa kuwa nyingine haikuwapo.

Mto wa tatu ulikuwa magotini, gari lilipita. Tulifika saa nane. Walikuwapo kweli. Wengine walikuwa wamelala hapo siku mbili, wanawake na watoto migongoni, wamekaa kwenye jamvi nje ya nyumba ya Jumbe Saburi. Jumbe alinishika mikono yote miwili. "Tulisema hamji," alisema. "Nikawaambia, dresa ni mtoto wa huku huku, ni Mmwera mwenzetu, hawezi kutudanganya."

Mwamina alifungua chupa. Alitia kidole, kisha akanisogelea akanong'ona, "Bwana Isihaka, ina joto."

"Najua."

"Sasa tunafanyaje?"

"Endelea."

Alinitazama. Sijatazamwa hivyo na mtu tangu marehemu baba yangu. Halafu akainamisha kichwa akaanza na mtoto wa kwanza. Tulichanja watu 112. Hakuna aliyekataa hata mmoja. Walitupa mihogo ya kuchemsha na asali.

Jumapili, 8 Februari

Nimeandika 112 kwenye daftari la serikali. Mwandiko wangu mzuri.

Jumanne, 10 Februari

Mpita njia kutoka Ruangwa amesema ndui imeonekana kijiji jirani na Nakitandu. Nyumba mbili. Nimemuuliza maswali mengi mpaka akaniuliza kama nina ndugu huko.

Alhamisi, 12 Februari

Mvua siku ya pili mfululizo. Mto wa tatu umefurika. Hajira ananiuliza mbona sili.

Jumapili, 15 Februari

Leo ni siku ya nane. Siku ya nane mtu aliyechanjwa vizuri anakuwa na lengelenge mkononi lenye kitovu katikati, mkono umevimba, anakulaumu. Ndiyo alama kwamba dawa imeshika. Nilipaswa kuwa Nakitandu kukagua mikono. Barabara haipitiki.

Moyo wangu ulifurahi kusikia haipitiki. Naandika hili kwa aibu.

Jumatatu, 16 Februari

Sokoni nimemwona mwanamke anauza uyoga. Alinisalimia kwa furaha. "Hunikumbuki, Bwana Dresa? Mimi wa Nakitandu. Nilikuja kwa dada yangu Jumatano, sasa maji yamenifungia hapa."

Nilimwomba anionyeshe mkono. Alipandisha kanga. Palikuwa na mikwaruzo miwili midogo iliyokauka, kama ya miiba. Ngozi laini kabisa.

"Chanjo yako nzuri," alisema. "Haikuuma hata kidogo. Ya zamani ile, nilipokuwa mtoto dada yangu alichanjwa akalia wiki nzima."

Nilimwambia asirudi kwao mpaka nimwone, aje zahanati. Akasema mumewe atakasirika. Nilimnunulia uyoga wote. Sijui kwa nini. Hajira ameupika na sikuweza kuumeza.

Jumanne, 17 Februari

Nimewaambia Teofili na Mwamina.

Teofili alisema, "Si kosa letu, Bwana. Gari lilichelewa. Andika kwamba barabara ilikatika, ukaguzi haukufanyika. Mvua zikiisha tutachanja upya, tuseme ni amri mpya kutoka Lindi. Nani atajua?" Yeye si mtu mbaya. Ni kijana, ana mchumba, anaogopa kufukuzwa. Na alichosema ndicho nilichokuwa nikijiambia mwenyewe kwa siku kumi, neno kwa neno.

Mwamina alikuwa anakamua bandeji. Hakugeuka. "Wao wanadhani wamekingwa," alisema. "Mtu akidhani amekingwa anakwenda kumtazama mgonjwa. Anamshika. Anamwosha. Kama tusingekwenda kabisa, wangekaa kwao na hofu yao, na hofu ingewasaidia."

Hilo sikuwa nimelifikiri. Nilikaa chini pale pale kwenye ngazi.

Jumatano, 18 Februari

Nimekwenda kwa Awadhi. Nilianza kwa kumwomba radhi kwa maneno ya siku ile. Kisha nikamweleza yote kuhusu dawa. Alinisikiliza huku anabandika kiraka kwenye mpira wa ndani.

Nilimwambia, "Gari lilichelewa, Mzee, lakini si wewe uliyechanja. Ni mimi." Nilikuwa nimejiandaa kulisema vizuri, likatoka limekatikakatika.

"Gari haliwezi kuvuka mto wa tatu," alisema. "Hata lori la Ausi lisingevuka. Lingekaa hapo linaota majani."

"Basi hakuna njia."

"Sikusema hakuna njia. Nimesema gari. Nitawafikisha ukingoni, baiskeli na nyinyi. Baiskeli huwa inabebwa na mtu, si lazima yenyewe imbebe mtu kila siku. Tutazivusha kichwani. Ng'ambo mtapanda." Akajaribu upepo kwa mate. "Lini?"

"Dawa inakuja Ijumaa."

"Jumamosi alfajiri nitakuwa mlangoni kwako. Si asubuhi. Alfajiri. Mtu akija na maiti nitamwambia angoje."

Ijumaa, 20 Februari

Dawa imefika. Baridi. Nimeishika shavuni. Hajira amenifungia chakula, na mlangoni amesema, "Waambie upesi ukifika. Ukingoja wakupe chakula hutasema tena."

Jumapili, 22 Februari. Nakitandu, nyumbani kwa jumbe.

Jana ilikuwa ndefu, naandika leo.

Awadhi alifika kabla jogoo hajanyamaza. Tulikwenda mimi, Mwamina na Teofili. Teofili sikumlazimisha, nilipotoka nilimkuta amekwisha kaa juu ya turubai, kofia imeshuka hadi machoni.

Mto ulikuwa mwekundu, na upana wake umeongezeka mara tatu. Awadhi alivua viatu akaingia kwanza na fimbo, akipapasa chini, mpaka maji yakamfika kifuani. Akarudi. Tulichukua baiskeli tatu tu. Yeye alibeba ya kwanza kichwani, mikono imeshika magurudumu, akavuka na kurudi kwa ya pili. Teofili ya tatu. Katikati aliteleza, baiskeli ikaanguka, nikaona gurudumu moja linazunguka juu ya maji halafu halipo. Teofili alipiga kelele. Awadhi alimshika yeye shati, baiskeli akaiacha. "Kuna nyingine tano," alimwambia, "mama yako hana Teofili mwingine."

Mimi nilivuka na chupa ya dawa imefungwa kwa kilemba juu ya kichwa. Nilisoma kila dua ninayoijua. Mwamina alinishika mkono tangu mwanzo mpaka mwisho, na yeye ndiye mfupi kuliko sote.

Ng'ambo tulikuwa na baiskeli mbili kwa watu wanne, maana Awadhi alikataa kubaki. Alisema gari lake halitaibwa na samaki. Mwamina alibebwa na Teofili kwenye karia, mimi na Awadhi tukapokezana. Tulifika saa sita.

Jumbe Saburi alitoka akitabasamu, akaamuru tuletewe uji. Nikasema, "Jumbe, kabla ya uji nawaomba watu." Alipoona uso wangu tabasamu lake lilikwisha.

Walikuja labda sitini. Nilisimama. Nilisema kwa Kimwera, ili kusiwe na mzee hata mmoja wa kutafsiriwa. Nikasema dawa niliyowachanja siku ile ilikuwa imekufa kwa joto. Nikasema hamkukingwa. Nikasema msiende kwa wagonjwa.

Kisha Jumbe akauliza, "Ulijua lini?"

Hapo ndipo ningeweza kusema Jumatatu, nilipouona mkono wa yule mwanamke. Ingekuwa nusu kweli.

"Nilijua siku ile ile," nilisema. "Kabla ya kuanza."

Mzee mmoja aliinuka, akachukua jamvi lake, akaondoka. Wengine wakaanza kupiga kelele. Sikuyasikia maneno yote. Nilisikia mwanamke akisema, "Yunusi," mara moja tu, si kwa sauti kubwa. Anaitwa Mwanaima. Alikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Wakamgeukia, kelele zikashuka.

Mumewe Yunusi alikuwa amekwenda kijiji jirani kumuuguza kaka yake mwenye ndui. Alikwenda kwa kuwa amechanjwa. Aliwaambia majirani, mimi nimechanjwa, nyinyi kaeni, mimi ndiye wa kwenda. Alimwosha kaka yake, akamlisha, akamzika. Amerudi Alhamisi. Jana asubuhi aliamka na homa na maumivu ya mgongo.

Jumbe alisema, "Ya kwanza ilikuwa maji. Hii ya leo tutajuaje si maji?" Mwamina alifungua chupa, akampelekea. "Tia kidole, baba." Jumbe alitia kidole kwenye barafu. Hakukitoa upesi.

Awadhi naye akasogea katikati. Sikumwomba. "Mimi ni dereva tu," alisema. "Siwajui. Lakini nitazameni." Akavua kofia, akauzungusha uso wake ule kwa kila upande, kama mtu anayeonyesha bidhaa. "Tulikuwa watoto saba. Nimebaki mimi. Mkasirikieni huyu dresa, ni haki yenu, hata mimi nimemkasirikia. Lakini msimkasirikie kwa mikono ya watoto wenu."

Halafu Mwanaima akaja mbele, akamfungua mtoto mgongoni, akakaa mbele yangu. Si mbele ya Mwamina. Mbele yangu. Akaushika mkono wa mtoto na kuunyosha.

"Mchanje," alisema. "Sijakusamehe. Mchanje."

Nilimwomba Mungu, nikamchanja. Mtoto ni wa kike, anaitwa Mwanne, ana miezi minne. Alilia sana.

Waliofuata ni 70, kwa kuwa wengine walizidi kuja mpaka jioni. Hawa wameandikwa. Waliokataa 39 tumewafuata leo nyumba kwa nyumba. Awadhi anatangulia. 23 wamekubali.

Yunusi tumemtenga kwenye kibanda cha shambani. Awadhi ndiye anayempelekea maji, kwa kuwa ndui haimrudii.

Jumapili, 1 Machi. Nakitandu.

Siku ya nane. Nimewabakisha wenzangu pamoja nami wiki nzima, sikuuliza ruhusa. Mikono imevimba. Watoto wananikimbia, mama zao wananilaumu kwa maumivu. Sijawahi kufurahia lawama namna hii. Mwanne ana lengelenge kubwa, lina kitovu katikati. Nimelitazama kwa muda mrefu.

Yunusi amejaa upele, hata kwenye ulimi.

Alhamisi, 5 Machi

Yunusi amefariki alfajiri. Awadhi na mimi tumemzika.

Jumatatu, 9 Machi. Nachingwea.

Wamefariki watatu kwa jumla: Yunusi, na wawili kati ya wale waliokataa mara ya pili, mzee aliyebeba jamvi lake na mkewe. Mtoto hata mmoja hajafa.

Nimewaandikia barua wakubwa wangu wa Lindi. Nimeandika tarehe, joto la chupa, na kwamba Mwamina alinionya. Nimeandika kwamba gari halikuwa sababu. Hajira ameisoma yote, anasoma polepole kwa kidole. Akaniuliza, "Watakufukuza?" Nikamwambia sijui. Akaikunja vizuri akanirudishia.

Jumatatu, 16 Machi

Ausi amesema barazani kwamba tungekuwa na lori letu hayo yasingetokea. Nilikuwa na majibu mengi safari hii. Nimenyamaza, nikamwona Liwali ananitazama.

Jumanne, 17 Machi

Mvua. Hakuna jibu.

Jumatatu, 23 Machi

Hakuna jibu. Nimezipaka baiskeli zote tano grisi, hata pasipohitaji.

Ijumaa, 27 Machi

Jibu limekuja. Sikufukuzwa. Nimevuliwa uongozi wa kazi ya chanjo. Daftari la serikali atalishika Mwamina, kwa kuwa anajua kuandika tarakimu na majina, na mimi nikitaka kubaki nibaki mchanjaji chini yake, bila kugusa chupa ya dawa mpaka yeye aipime.

Nimempelekea daftari mwenyewe. Alikuwa anafua. Alikausha mikono kwenye kanga kabla ya kulipokea. "Jumatatu saa kumi na mbili," alisema. "Usichelewe, Bwana Isihaka."

Alhamisi, 23 Aprili

Mvua zimepungua. Leo tumekwenda Nakitandu mara ya mwisho msimu huu, kuwachanja waliorudi kutoka mashamba ya mbali. Mto wa tatu gari limevuka. Baiskeli aliyoiangusha Teofili haikuonekana.

Tulipokuwa tunapakia kurudi, Mwanaima alikuja na kitanda kimefungwa kamba, sufuria mbili, na mtoto. Eda yake haijakwisha, lakini ndugu za mumewe wamekubali akaimalizie kwa mama yake Naipingo. Alimwendea Awadhi, si mimi. "Baba, kuna nafasi?"

Awadhi alizitazama zile baiskeli zilizokwisha fungwa. Gari limekodiwa na baraza kwa ajili ya chanjo, na mizigo ya watu hairuhusiwi. Alimgeukia Mwamina. Mwamina akaniambia, "Bwana Isihaka, shusha mbili. Wewe na Teofili mtaendesha."

Tulishusha mbili. Teofili alinung'unika kidogo. Kitanda kililazwa juu, Mwanaima akakaa katikati ya magurudumu, mtoto mapajani. Tuliendesha nyuma ya gari lile njia yote, tukila vumbi na matope, na Awadhi alikwenda mwendo wa polepole ili tusipotee. Kila gari lilipopunguza mwendo nilimwona Mwanaima ananitazama, halafu anatazama kando.

Njia panda ya Naipingo nilifika nimechoka. Walikuwa wamekwisha shusha vyombo. Nilichukua kitanda kichwani bila kuulizwa, nikamfuata kwenye kijia mpaka kwa mama yake. Nilipokiweka uani na kugeuka, aliniita.

"Bwana Dresa. Huku kwetu mmechanja?"

"Bado. Mwezi ujao."

Alimpandisha mtoto begani. Mkono wa Mwanne ulikuwa umening'inia, kovu limekwisha pona, jeupe, la duara.

"Mama yangu hajachanjwa," alisema. "Mje. Na mje na dawa baridi."

Nikamwambia tutakuja. Nimerudi barabarani, nimepanda baiskeli.